Mikono Haikusema Hivyo

Mshonaji aliingia ukumbini Jumatano saa kumi alasiri, na Msemaji akakosea wimbo.

Hakuna aliyemlaumu. Wimbo wenyewe ulikuwa mrefu, na tangu mchana walikuwa wameurudia mara sita. Mwongozaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliinua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Pumzikeni," alisema, na mkalimani wa kikundi akayageuza maneno yake kuwa alama. "Halafu njooni mumwone mwenzetu mpya. Yule wa awali daktari amemwambia alale mpaka ajifungue. Huyu ndiye atakayekuwa mwanamke wa dirisha la nne."

Mchezo ulikuwa wa zamani, wa nyimbo tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ulichezwa enzi ambazo mama yake Msemaji alikuwa msichana, na watu wa rika lake bado waliweza kuuvumisha wakiwa wanafua. Ulimhusu mwosha madirisha wa majumba marefu, anayewaona watu ndani wakigombana na kupatana bila kusikia hata neno, mpaka siku moja anampenda mwanamke wa dirisha la nne. Mwongozaji alikuwa ameamua kuufufua na waigizaji viziwi. Kila mhusika alipewa watu wawili: mmoja mbele, akisema kwa mikono, na mwingine nyuma ya bega lake, amevaa nyeusi, akiimba yale yale kwa sauti. Mazulia yaliondolewa sakafuni ili mbao zipeleke mdundo wa ngoma hadi kwenye nyayo za wanaocheza.

Mwosha madirisha alikuwa Seremala, kijana wa miaka ishirini na minane, mtengeneza vitanda na milango, kiziwi tangu kuzaliwa. Sauti nyuma ya bega lake ilikuwa ya dada yake. Na nani mwingine? Msemaji hakupewa jina hilo mtaani kwa kupenda makelele. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akimsemea mdogo wake: dukani, zahanati, kwa mwenye nyumba, kituoni siku askari walipomkamata kwa kutosimama alipoamriwa kusimama. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, asubuhi anauza dawa dukani, jioni bado anasema ya mwenzake. Mwongozaji alipomsikia anaimba alipiga makofi kwa furaha. "Dada na mdogo wake! Hii hata sikuiota."

Seremala alipomwona mgeni alifuta viganja kwenye suruali, kama mtu anayetaka kushika kitambaa cheupe. Wakasalimiana kwa alama fupi fupi, za watu waliowahi kujuana. Mshonaji alikuwa na pete kidoleni, na kwa mtu anayezungumza kwa mikono, pete haifichiki.

Kisha Mshonaji akageuka, akamtazama Msemaji. Hakumsalimu. Alimtazama tu kama unavyoitazama nyumba uliyowahi kufukuzwa mlangoni.

"Mmeongea nini?" Msemaji alimuuliza mdogo wake walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Mambo ya mchezo," Seremala alijibu, akatangulia mbele. Ukishamwona mgongo kiziwi, mazungumzo yamekwisha.

Siku nane baadaye, Mwongozaji alimwita Msemaji pembeni, kwenye kijichumba cha nguo chenye kioo kilichopasuka.

"Keti, mwanangu."

"Nasimama tu."

"Sitazunguka. Jukwaani nitaweka sauti nyingine nyuma ya mdogo wako. Mwanaume."

Msemaji alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu mbele za watu. "Sauti yangu ina kasoro?"

"Sauti yako inawashinda wengi humu. Ni yeye aliyeomba."

"Aliomba vipi? Mimi ndiye ninayemsemea."

"Alimwambia mkalimani wetu." Mwongozaji alivua miwani, akaifuta bila sababu. "Alisema anataka mtu atakayesema kile anachosema yeye. Sikuelewa maana yake. Ninyi mnajuana."

Msemaji alielewa. Akaketi kwenye kiti alichokuwa amekikataa.

Shati jeusi la jukwaani lilikuwa moja tu, na mwimbaji mpya, jitu la mtu lenye sauti nzito, alikuwa tayari anasubiri mlangoni. Msemaji alilivua chooni, akatoka amevaa koti lake la dukani lenye nembo ya dawa za mafua. Yule jitu alijaribu kulivaa, likachanika kwapani, waigizaji wakacheka. Akaitwa Mshonaji na sindano yake. Msemaji alisimama akitafuta ufunguo wa nyumba ndani ya mkoba huku yule mwanamke akifumua kimyakimya mshono mmoja mmoja. Seremala alikuwa jukwaani, ameelekea upande wa pili.

Siku tatu Seremala hakulala nyumbani. Alilala karakana, juu ya magodoro ya vitanda vya wateja. Jumapili asubuhi alirudi, na nyuma yake akaja mwanamke kijana aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani.

Mama yao alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kazi iliyowalea wote wawili. Alipomwona yule mgeni aliiweka pasi wima haraka, akapangusa kiti kwa upindo wa kanga.

"Karibu, mwanangu, karibu! Samahani kwa hizi nguo. Huyu mtoto naye, hasemi kama analeta mgeni!" Akajicheka mwenyewe kwa alivyosema. Akamgeukia binti yake, akanong'ona huku macho yakimng'aa: "Ni mchumba?"

"Shikamoo, mama," mgeni alisema. "Mimi ni mkalimani. Nafanya kazi na kikundi cha mchezo."

"Marahaba." Uso wa mama ulishuka. "Mkalimani wa nini tena? Mkalimani wetu si huyu hapa?"

Mkalimani aliomba kukaa kando ya mama ili Seremala amwone vizuri. Akaeleza kazi yake kwa upole: atakaposema "mimi", si yeye, ni Seremala. Hataongeza wala kupunguza. Msemaji, aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne bila mtu kumweleza masharti yake, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani.

Seremala alianza. Sauti ya mkalimani ikamfuata.

"Mama, miaka sita iliyopita tulikwenda kwa wazazi wa Mshonaji. Mimi, wewe na dada. Baba yake alijibu nini?"

Mama alimtazama mkalimani, kisha mwanawe, akashindwa kujua amjibu nani. Hakuwahi kusikia mwanawe akimwita "Mama" bila sauti ya binti yake.

"Mambo ya zamani hayo. Yule ameshaolewa."

"Alijibu nini?"

"Alisema..." Mama alivuta shati moja kutoka kwenye rundo, akalikunja. "Alisema hana neno. Wakipendana, waoane."

Mikono ya mkalimani ilipomaliza, Seremala alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameshaambiwa na Mshonaji, lakini kuambiwa na mama yake ilikuwa habari nyingine.

"Wakati tunaaga, yule mzee alinipa mkono akatabasamu. Tulipofika nje nikaambiwa amekataa kumpa binti yake mwanaume asiyesikia. Miaka sita nimekuwa nikiukumbuka mkono ule. Nilidhani ananicheka."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemtuma dada yako aseme hivyo." Maneno yalimtoka mama kwa kasi sasa. "Pale getini. Niliogopa! Nyumba moja viziwi wawili, mtoto akilia, nani atamsikia? Maji yakichemka yakamwagika? Nikamwambia dada yako, mwambie wamekataa wao. Afadhali awachukie wao kuliko atuchukie sisi. Nilikosea. Mungu anajua nilikosea, lakini niliogopa."

Mkalimani aliyapeleka yote. Hata ile "niliogopa" ya pili hakuiacha. Seremala aliyapokea bila kupepesa macho, kisha akamgeukia dada yake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wiki mbili baadaye Mshonaji alikuja hapa. Wewe ndiye uliyefungua mlango. Ulimwambia nimepata mtu mwingine, asirudi tena."

Mama aliinua kichwa. "Alikuja hapa? Lini?"

Msemaji aliutazama mlango.

"Hilo sikukutuma," mama alisema, kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?" aliuliza Seremala. Sauti ya mkalimani ilikuwa ya utulivu, lakini mikono ya Seremala haikuwa na utulivu wowote.

Msemaji alisema kwa mdomo na mikono pamoja, kama alivyozoea. Mkalimani aliishusha mikono yake, akatazama dirishani, maana hapo hakuhitajika.

"Nilidhani nakulinda. Ungeumia."

"Sema kweli."

"Mama angekufa kwa presha."

"Sema kweli."

Nje, mtu alikuwa akibishana na muuza mkaa. Msemaji aliyasikia hayo yote, mdogo wake hakuyasikia, na kwa dakika nzima alitamani angekuwa yeye. Halafu mikono ikasema peke yake. Mdomo ulikataa.

"Mngekuwa mnasemezana wenyewe. Mimi ningekuwa nani?"

"Anasema nini?" Mama alimuuliza mkalimani. Mkalimani alimtazama Msemaji, kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akakumbuka masharti yake na kulisema lote.

Seremala aliiweka mikono magotini. Kisha akauliza, na lilikuwa swali ambalo Msemaji hakulitarajia.

"Nilipomwambia mwenye karakana kwamba ananinyonya, kwamba kazi zangu anaziuza kwa jina lake, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia unaomba akufikirie."

"Na daktari aliyenipiga kofi la bega ili nimtazame? Nilisema asiniguse tena."

"Nilisema... unamshukuru, ila unashtuka haraka." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nilipunguza makali tu. Watu wangekuchukia. Kila mtu alikupenda, wewe hujui. Wote walisema, huyu kijana ana adabu!"

"Makali yalikuwa yangu," alisema Seremala. "Hao watu walimpenda nani? Mimi hawanijui. Hakuna anayenijua. Mama alisema la moyoni mwake, baya, lakini lake. Wewe ulisema la nani?"

Akainuka. Chumbani alichukua sanduku la patasi, shuka moja na viatu vya kazini. Mama alisimama katikati ya njia, akamtazama binti yake.

"Mwambie asiende! Mwambie!"

Mikono ya Msemaji ilipanda yenyewe kwa mazoea, ikafika usawa wa kifua, ikashuka. Mkalimani ndiye aliyesema. Seremala alimshika mama yake bega, akampisha pembeni polepole kama anavyosogezwa mtu aliyesimama mbele ya kabati, akapita.

Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa kimya, jambo la ajabu, maana aliyeondoka ndiye asiyekuwa na sauti. Ila waliokuwa wakiishi na Seremala walijua kwamba kiziwi ana kelele zake: kabati linavyofungwa kwa kishindo, sufuria zinavyogongana, kicheko chake kikubwa kinachotoka puani. Sasa sufuria zilitulia. Mama alikuwa akipiga pasi kola moja hadi inaanza kubadilika rangi.

Msemaji alikwenda karakana mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta kwenye mashine ya kuranda, na mwenye karakana akamwambia, "Sasa huyu siku hizi ananiandikia kwenye karatasi. Mambo mazito anayoandika, loo! Nimemwongeza mshahara kwa aibu tu. Kumbe ana ulimi!" Mara ya pili hakuingia hata ndani.

Jioni moja mama aliizima pasi, akakaa mbele ya binti yake kama mwanafunzi.

"Nifundishe kusema nisamehe."

"Sasa hivi, Mama?"

"Miaka ishirini na minane sikujifunza. Nilijua chakula, njoo, lala, basi. Kwa nini nijisumbue, na wewe upo? Nifundishe."

Msemaji alimwonyesha: ngumi iliyofungwa, ikizungushwa polepole juu ya kifua, upande wa moyo. Vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya mpini wa pasi, kidole gumba kikawa kinachomoka kila mara. Walirudia mpaka chai ikapoa. Mama alizungusha ngumi, akakosea, akazungusha tena.

"Na wewe, wewe utamwambia nini?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Yangu ni mengi."

Tiketi ililetwa na mkalimani, ndani ya bahasha. Ilikuwa moja, imeandikwa *Mama*, safu ya kwanza. Msemaji aliishika bahasha muda mrefu, akaipanua kwa kidole akachungulia ndani kama kuna nyingine, halafu akampa mama yake. Ya kwake alijinunulia dirishani kama watu wengine, kule juu nyuma kabisa, penye nguzo inayoziba robo ya jukwaa.

Onyesho lilikuwa la Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa. Kutoka juu alimwona mama yake mbele, amejitanda kanga mpya, amekaa ukingoni mwa kiti, akigeuza kichwa kushoto na kulia. Alijua anamtafuta mtu wa kumuuliza, *Anasema nini?* Kiti cha kushoto kilikuwa na mzee aliyesinzia.

Taa zikazimwa, ngoma ikaanza, na Seremala akashuka kwenye kamba mbele ya madirisha manne ya mbao aliyoyaranda mwenyewe, ndoo mkononi. Nyuma yake likasimama lile jitu ndani ya shati lililopanuliwa kwapani. Seremala alipoinua mikono, Msemaji alijikuta amevuta pumzi ili aimbe.

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, haikumbembeleza mtu. Kwenye wimbo wa dirisha la nne, mwosha madirisha anapogundua kwamba yule mwanamke amekuwa akimwona siku zote na akanyamaza, mikono ya Seremala ilikwenda kwa upana ambao dada yake hakuwahi kuuona. Ilikata hewa. Ilirudi kifuani kwake kama inayochomoa kitu. Msemaji alikumbuka alivyouimba wimbo huo mazoezini, kwa utamu, kama anayemwombea radhi mtu. Sasa alielewa kwamba kwa wiki nzima mdogo wake alikuwa amesimama mbele akilia kwa hasira, na nyuma yake mtu akitabasamu kwa niaba yake.

Upande wa pili wa kioo, Mshonaji alijibu kwa mikono, pete ikimetameta. Walikuwa wakiigiza. Lakini Msemaji alikuwa amezisoma alama tangu akiwa mtoto, akaona pale ambapo maigizo yalikuwa yamekwisha na pale ambapo watu wawili walikuwa wakiagana, safari hii wenyewe, bila mtu katikati.

Mwanaume aliyeketi jirani alimwinamia. "Hivi yule bwana ni kiziwi kweli, au anaigiza?"

"Ni kiziwi kweli."

"Basi hiyo sauti inamfaa sana. Utadhani ni yake."

"Ndiyo," alisema Msemaji. "Inamfaa."

Mwisho wa mchezo watu hawakupiga makofi. Walikuwa wameelezwa mlangoni: mikono juu, vidole vitikisike. Mikono mia kadhaa iliinuka ukumbini, na ya Msemaji ikiwamo, nyuma ya nguzo. Jukwaani Seremala alikuwa akiitazama yote kwa pamoja, akilia na kucheka puani.

Kwenye korido ya nyuma ya jukwaa kulikuwa na msongamano wa watu na maua. Mama alimfikia wa kwanza. Alisimama mbele yake, mdogo, mkoba umening'inia kiwikoni, akafunga ngumi na kuizungusha kifuani. Kidole gumba kilichomoka. Alizungusha kuelekea upande usiofaa.

Seremala aliangalia ile ngumi. Akaishika kwa mikono yake miwili yenye makovu ya patasi, akakirudisha kidole mahali pake, akaizungusha pamoja naye, mara moja, mara mbili, taratibu, mpaka ikawa neno. Mama aliweka paji la uso kifuani kwake, na mwanawe akamwacha akae hapo.

Msemaji alisubiri mpaka walipoachana. Kisha akasogea mbele. Usiku kucha alikuwa amepanga la kuanzia, na la kumalizia pia, na katikati hakuna alipopunguza makali. Akainua mikono.

Seremala alimtazama. Aliitazama ile mikono, iliyomlisha maneno tangu akiwa na miaka minne, akaitazama vizuri, bila chuki.

Halafu akafumba macho.

Hakugeuka, hakuondoka. Alisimama tu pale, uso umeinuliwa kidogo, kope zimefungwa, mtu mzima katikati ya watu wanaompongeza. Msemaji angeweza kumgusa bega, kama yule daktari. Hakumgusa. Alisema yote aliyokuja nayo, kwa mikono, mpaka mwisho, mbele ya macho yaliyofungwa. Mpiga ngoma aliyekuwa akipita alidhani wanafanya mazoezi, akawapisha. Msemaji alipomaliza aliishusha mikono, akaondoka, na Seremala, aliyehisi labda kwa hewa au kwa mbao za sakafuni kwamba ameondoka, akafumbua macho na kumpokea mtu mwingine aliyeleta maua.

Mama alimfikia binti yake mlangoni, nje jua bado likiwa kali. Alikuwa ameona mikono tu. Alikuwa amejifunza neno moja, na kati ya yote yale hakulitambua hata hilo moja.

"Amekujibu nini?" aliuliza, amemshika mkono kwa nguvu. "Niambie, mwanangu. Amesema atarudi nyumbani?"

Uso wa mama ulikuwa na matumaini yote ya dunia. Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Msemaji, laini, la huruma, kama maelfu mengine: *Amesema tumpe muda.* Nani angejua? Nani angeumia?

"Hakusema kitu, Mama," alisema. "Alifumba macho."

Mama alimwachia mkono. Wakasimama hapo mbele ya ukumbi, watu wakiwapita pande zote mbili, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kutembea.